Munakuyaka, Munaandika, Munaenda

Hotuba hii niliitoa mbele ya wanafunzi wa uzamili na uzamivu wanaojiandaa kwenda uwandani. Baadhi walikuwa safarini siku hiyo, wakaomba niiweke yote. Naiweka kama nilivyoisema.

Walimu wangu, shikamooni. Wenzangu mnaojiandaa na safari, habari za asubuhi.

Nimeombwa niseme juu ya maadili ya utafiti unaohusu watu walioumizwa: waliofukuzwa makwao, walioteswa, waliobakwa, waliozika watoto wakiwa njiani. Fomu mnazo. Mmeshaandika mbele ya kamati ya maadili kwamba utafiti wenu hautarajiwi kumdhuru mshiriki, na wengine mnasubiri kibali cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia. Fomu ni jambo jema, wala sitaibeza. Lakini fomu inaishia mlangoni. Nataka tuzungumze juu ya kinachotokea ndani, ukishaketi kwenye mkeka wa mtu, rekoda imewaka, naye anakutazama usoni.

Mwaka 2016 nilikuwa mkalimani Nyarugusu. Kwa ambao hamjafika, hiyo ni kambi ya wakimbizi iliyoko Kasulu, mkoani Kigoma. Ilifunguliwa 1996 kwa ajili ya Wakongo waliovuka Ziwa Tanganyika wakikimbia vita, wengi wao watu wa Fizi na Uvira, na mwaka 2015 wakaingia Warundi kwa makumi ya maelfu. Mimi nilikuwa nimetoka tu kumaliza shahada ya kwanza. Mtafiti kutoka Ulaya alikuwa akiandika tasnifu yake, akaniajiri nimtafsirie mahojiano.

Siku ya tatu tuliingia kwa mama mmoja Mbembe, rika la mama yangu mzazi. Nikamwamkia, nikaeleza tumetoka wapi na tunataka nini. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, kwa Kiswahili cha kwao: “Munakuyaka, munaandika, munaenda.”

Mnakuja, mnaandika, mnaenda. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayetaja majira ya mvua. Halafu akavuta kigoda, akaketi, akaanza kusimulia. Na alisimulia vizuri mno, ndugu zangu. Hakuna lililoruka, hakuna lililorudiwa. Pa kulia alilia, pa kunyamaza alinyamaza, mpaka nikaelewa kwamba simulizi ile ilikuwa imelainishwa kwa kutumika, kama mpini wa jembe. Mwishoni nikamuuliza: mama, sisi ni wa ngapi? Akahesabu kwa vidole. Mkono mmoja ukaisha, akahamia wa pili. Kisha akaacha kuhesabu.

Tumelelewa kwamba kuuliza si ujinga. Darasani ni kweli. Lakini ukimwuliza mtu habari ya mwanawe aliyeuawa, swali lako linatonesha kidonda, na wewe unayeuliza unaondoka jioni ile ile. Je, umeshajiuliza ni nani atakayekaa naye usiku ule?

Mnaikumbuka Minova? Ni mji mdogo kando ya Ziwa Kivu, upande wa Congo. Novemba 2012, mji wa Goma ulipoanguka mikononi mwa waasi wa M23, askari wa jeshi la serikali waliokuwa wakirudi nyuma waliingia Minova na vijiji vya jirani, wakapora na kubaka wanawake na wasichana kwa siku kadhaa. Habari zikaenea duniani. Wakaja waandishi, wakaja wachunguzi wa haki za binadamu, wakaja wanasheria, wakaja watu wa vyuo. Kila aliyekuja alikuwa na sababu nzuri. Kila aliyekuja alihitaji kusikia kwa masikio yake. Mwaka 2014 kesi ikasikilizwa mbele ya mahakama ya kijeshi, wanawake wakatoa ushahidi wakiwa wamefunikwa ili wasitambulike. Washtakiwa walikuwa 39. Hukumu ilitoka Mei mwaka ule, na waliotiwa hatiani kwa kubaka walikuwa wawili. Wawili!

Mwekeni akilini mwanamke mmoja wa Minova. Amemsimulia mwandishi, amemsimulia mchunguzi, amemsimulia mwanasheria, amewasimulia mahakimu akiwa chini ya kitambaa. Amepata nini? Kisha wewe unashuka kwenye pikipiki na hojaji yako, swali la kwanza: “Tafadhali nieleze kilichotokea.”

Kilichotokea kimeshaandikwa! Kitafute. Kabla hujamwuliza mtu, maliza kwanza karatasi. Soma kumbukumbu za kesi, soma ripoti. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya Kenya ilikusanya maelezo ya watu zaidi ya 40,000 na ikakabidhi ripoti yake Mei 2013. Hao ni watu zaidi ya 40,000 waliokwisha kulipa gharama ya kusema. Nimekutana na wanafunzi waliokwenda Bonde la Ufa kuwauliza wazee mambo yaliyomo katika ripoti ile, kwa sababu tu walimu wao walitaka “data mpya”. Huo ni uvivu, na anayeugharimia ni mtu mwingine. Samahani kwa walimu waliopo, lakini nimeliona kwa macho yangu.

Sasa nije kwenye ridhaa.

Mwaka ule pale Nyarugusu palikuwa na mpango mkubwa, ulioanza 2015, wa kuwahamishia Marekani wakimbizi wa Kikongo. Majina yalibandikwa kwenye mbao za matangazo, na watu walidamka kwenda kuyatazama. Katika hali hiyo, mgeni anayefika na kalamu na karatasi ni nani? Ni yule wa majina. Ukikana mara kumi, bado wewe ni yule wa majina.

Tulikuwa na miadi na mzee mmoja. Tulimkuta amevaa koti, juani, saa sita mchana. Mkononi ana mfuko wa nailoni uliofungwa vizuri, ndani mna vyeti vyake vyote. Nikamsomea maelezo ya ridhaa neno kwa neno: huu ni utafiti wa chuo, kushiriki ni hiari, hakuna faida utakayoipata, unaweza kuacha wakati wowote. Aliitikia kila sentensi. “Ndiyo. Ndiyo. Ndiyo.” Akaweka dole gumba. Kwa saa mbili akatueleza jinsi ndugu zake walivyouawa, mmoja baada ya mwingine, kwa majina. Tulipofunga daftari, akafungua ule mfuko wa nailoni, akavitandaza vyeti kwenye mkeka, akaniuliza: “Sasa jina langu litatoka lini?”

Niambieni, mzee yule aliridhia nini? Dole gumba lake liko kwenye karatasi. Mbele ya kamati yoyote ile tuko salama. Lakini alichoridhia yeye na tulichoomba sisi ni vitu viwili tofauti. Nilikijua hicho tangu nilipoliona lile koti, na sikusema neno. Kwa nini sikusema? Kwa sababu tulikuwa nyuma ya ratiba, tumebakiza siku nne, na kibali kilikuwa kinaisha.

Tangu siku hiyo, ninapofanya utafiti wangu mwenyewe, sichukui ridhaa siku ile ile ya kwanza. Naenda, najieleza, naondoka. Nikirudi namwomba mtu anieleze yeye nimekuja kufanya nini. Akiniambia nimekuja kuandikisha wa kwenda Marekani, hatufanyi mahojiano siku hiyo. Inakula muda. Inakula fedha za nauli. Wafadhili hawalipendi jambo hili na wasimamizi wanalalamika. Walalamike.

Tena mzee yule hatukumwachia kitu, hata kipande cha sabuni. Kamati ilikuwa imesema zawadi ingemshawishi mtu kushiriki. Ninaielewa hoja hiyo, na yako mazingira ambamo ni ya kweli kabisa. Lakini saa mbili zile mzee angetafuta kuni. Mtafiti alilipwa, mimi nililipwa, dereva alilipwa. Asiyelipwa alikuwa yule mwenye ndugu waliokufa, na tuliyaita hayo maadili. Mimi sikubaliani nayo. Muda wa mtu ulipwe kwa kiasi ambacho hata jirani yake akikijua hataona ajabu, na alipwe hata akikatisha mahojiano katikati.

Jambo la tatu litanichukua muda, mnivumilie. Ni siri.

Wiki ya mwisho tulimhoji kijana mmoja. Alikuwa akieleza jinsi alivyolitoroka kundi lenye silaha. Katikati ya maelezo, bila kuulizwa, akataja jina la kijiji, akataja alichokifanya pale kwa mikono yake. Sitakirudia. Mtafiti hakuelewa hata neno; alikuwa akinitazama mimi, anasubiri. Kijana naye akawa ananitazama, na macho yake yalishajua kwamba mdomo umeteleza. Nikasema kwa Kiingereza: anasema amechoka, anaomba tupumzike.

Nilidanganya. Na rekoda ilikuwa inazunguka.

Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 hauwalindi watu ambao kuna sababu nzito za kuamini kwamba wametenda uhalifu wa kivita. Sentensi ile moja ingetosha kumwondolea kila kitu. Tena hatukujua alikuwa na umri gani alipoingizwa kwenye kundi lile. Huenda alikuwa mtoto. Hayo ndiyo niliyojiambia usiku ule. Lakini kulipopambazuka niliwaza jingine. Kijiji alichokitaja kina watu. Waliouawa pale wana mama zao, na huenda baadhi yao walikuwa mumo humo kambini, mtaa wa pili, wakisubiri mgawo kwenye foleni moja naye. Nilimlinda nani? Na nani alinipa mamlaka hayo?

Kuna kisa cha Belfast, Ireland ya Kaskazini, ambacho kila mmoja wenu anapaswa kukijua kabla hajaandika neno “siri” kwenye fomu ya ridhaa. Kuanzia 2001, Boston College, chuo cha Marekani, kilisimamia mradi wa kuwarekodi waliokuwa wapiganaji wa pande zote mbili, wa IRA, kundi lenye silaha lililotaka kuitoa Ireland ya Kaskazini mikononi mwa Uingereza, na wa makundi yaliyoipinga. Vita vyao vya miaka thelathini vilikuwa vimeisha kwa mkataba wa amani wa 1998. Wahojaji walikuwa watu wa huko huko. Mmoja aliwahi kuwa mwana-IRA na kufungwa. Ndiyo maana wapiganaji walifunguka. Waliahidiwa kwamba kanda zitafungiwa Marekani na hazitatolewa wangali hai. Mahojiano yakaendelea hadi 2006.

Lilikuwa wazo zuri. Nasema hivyo kwa moyo wote: watu waliobeba historia walikuwa wanazeeka, na bila kanda zile wangekufa nayo.

Lakini ahadi ile haikuwa na nguvu iliyodhaniwa. Karatasi walizosaini washiriki hazikuwaambia kwamba siri itatunzwa kwa kadiri tu sheria ya Marekani itakavyoruhusu. Mwaka 2011 polisi wa Ireland ya Kaskazini, kupitia serikali ya Marekani, walizidai kanda hizo mahakamani. Chuo kikapambana, kisha kikaacha kupambana kabla ya wahojaji wenyewe hawajakubali kushindwa. Kanda kadhaa zikakabidhiwa. Mwaka 2014 mwanasiasa mashuhuri, Gerry Adams, alikamatwa, akahojiwa siku nne, akaachiwa bila kushtakiwa. Mzee mwingine alishtakiwa, na mwaka 2019 hakimu akazikataa kanda zile kuwa ushahidi, mzee akaachiwa huru. Huko nyuma, wale waliohoji walikuwa wameitwa wasaliti mitaani kwao.

Mkisikia hivyo mtasema: polisi wabaya, watafiti walionewa. Subirini kwanza. Polisi walikuwa wakitafuta nini? Walikuwa wakitafuta waliomuua Jean McConville. Alikuwa mjane mwenye watoto kumi. Desemba 1972 alitolewa nyumbani kwake mbele ya watoto wake, na hakuonekana tena. Watoto waligawanywa wakapelekwa kwenye makao. Mwili wake ulipatikana ufukweni mwaka 2003, miaka zaidi ya thelathini baadaye. Na kwenye makabati ya maktaba moja huko Boston palikuwa na sauti za watu waliojua kilichomtokea.

Sasa wewe ndiye mwenye funguo za kabati lile. Upande mmoja umesimama mpiganaji mzee uliyemwahidi. Upande wa pili wamesimama watoto kumi wasio na mama. Utamfungulia nani? Msinijibu haraka. Nimelitoa swali hili darasani mara nyingi, na anayejibu haraka huwa hajasikia nusu moja ya kisa.

Mimi ninachoweza kuwaambia ni hiki. Wakili ana kinga ya kisheria kwa siri za mteja wake. Mtafiti hana kinga ya namna hiyo. Kwa hiyo usiseme “hili litabaki kati yetu” kama hujui litabaki vipi, wapi, kwa sheria ya nchi gani. Mwambie mtu mwanzoni kabisa, kabla ya rekoda: yapo mambo ambayo ukiniambia, sina hakika nitaweza kuyalinda. Mengine usiyaulize kamwe. Mwanaanthropolojia Liisa Malkki aliishi Mishamo, makazi ya wakimbizi yaliyokuwa wilaya ya Mpanda wakati huo, katikati ya miaka ya 1980, pamoja na Warundi waliokimbia mauaji ya 1972. Ilikuwa jamii yenye siri nzito za kisiasa. Aliamua kuyaacha mawe mengine bila kuyageuza, akasikiliza kile ambacho watu wenyewe walikiona cha maana kusemwa. Nusu karne haikuwa imepita vizuri, wengi wa watu wale wakawa Watanzania. Mwaka 2014 zaidi ya 160,000 walipewa uraia. Hebu fikirini kama daftari la mtafiti lingekuwa limeorodhesha nani ni mwanachama wa nini.

La nne ni fupi, lakini linaniuma. Nani anabaki?

Machi 12, 2017, wachunguzi wawili wa Umoja wa Mataifa, Michael Sharp na Zaida Catalán, waliuawa huko Kasai, Congo, walikokuwa wakifuatilia ukiukaji wa haki za binadamu. Dunia iliwaombolea, na walistahili. Lakini hawakuwa peke yao barabarani. Walikuwa na mkalimani wao, Mkongo, Betu Tshintela, na waendesha pikipiki. Wangapi hapa mmewahi kulisikia jina la Tshintela? Naona mikono miwili. Kwenye taarifa nyingi aliandikwa “mkalimani wao”, basi.

Wengi wenu mtaajiri wakalimani. Msaidizi wako ndiye anayejua barabara ipi ipitwe. Ndiye anayekuombea kiti kwa mwenyekiti wa kijiji. Ndiye anayesikia maumivu mara mbili, kwanza kwa lugha ya mwenye kuyasema, kisha kinywani mwake mwenyewe anapoyatafsiri kwa nafsi ya kwanza: waliniua mwanangu, walinichomea nyumba. Mtafiti wangu alipopanda ndege, mimi nilibaki Kasulu. Watu walinisimamisha sokoni: yule Mzungu wako amesemaje? Sikuwa na bima wala mtu wa kuongea naye. Kwa miezi nililala taa ikiwaka. Watafiti wa Bukavu, mashariki mwa Congo, wameandika hadharani juu ya maisha haya, juu ya kuitwa “wasaidizi” katika kazi walizozibeba mgongoni, na ninawaheshimu sana kwa ujasiri huo. Wasomeni. Kisha rudini kwenye bajeti zenu, mtazame mstari wa mkalimani una nini.

Mtaniuliza: basi tuache? Tusiende? Hapana, nendeni. Nitawaambia kwa nini, kupitia kisa kimoja cha hapo Kenya.

Kwa miongo mingi wazee wa Kenya ya kati walisema waliteswa kwenye kambi za Waingereza wakati wa Mau Mau miaka ya 1950. Walihasiwa, waliingiziwa chupa, walipigwa mpaka wakapoteza fahamu. Waliowasikiliza walikuwa wachache. Mwanahistoria Caroline Elkins alipokwenda kuwahoji na kuchapisha kazi yake mwaka 2005, alishambuliwa na wasomi wenzake: ushahidi wa mdomo, walisema, wazee hukumbuka wanachotaka. Baadhi ya hoja kuhusu takwimu zake zilikuwa na uzito, nami sizitetei zote. Lakini mwaka 2009 wazee watano walifungua kesi London, na katika kesi hiyo serikali ya Uingereza ikalazimika kukiri, mwaka 2011, kwamba ilikuwa imeficha maelfu ya majalada ya makoloni kwenye jengo la Hanslope Park. Karatasi za Waingereza wenyewe zikasema yale yale waliyoyasema wazee kwenye vigoda vyao. Ilipofika uamuzi wa Oktoba 2012, waliobaki katika kesi walikuwa watatu: Paulo Nzili, Wambugu wa Nyingi na Jane Muthoni Mara. Juni 6, 2013, waziri wa mambo ya nje William Hague alisimama bungeni, akaeleza majuto, na serikali yake ikakubali kulipa jumla ya pauni milioni 19.9, gharama za kesi zikiwemo, kwa ajili ya wadai 5,228.

Utafiti ulifika mahali. Ulifika kwa sababu wanahistoria hawakuondoka na maneno na kuyaacha kwenye rafu. Walikwenda mahakamani, wakakaa na mawakili, wakasimama upande mmoja na wenye maneno. Kuna wasomi wanaosema mtafiti akifanya hivyo amepoteza usawa wa hukumu yake. Ni hoja ya kweli, na mjadala wake hauishi leo. Mimi nimechagua upande wangu.

Nimebakiza jambo moja, nalo ndilo lililonifanya nikubali kuja hapa.

Turudi kwa yule mama. Katika simulizi yake kulikuwa na sentensi fupi: “Balinishika kwa nguvu.” Mimi nimekulia Dodoma. Masikioni mwangu kushikwa ni kukamatwa, kama mtu anavyoshikwa na polisi. Nikatafsiri hivyo: walinikamata. Mtafiti akaandika hivyo, na tasnifu ikatoka hivyo: alikamatwa na watu wenye silaha, akawekwa kizuizini usiku mmoja, akaachiwa asubuhi.

Miaka miwili baadaye rafiki yangu Mkongo alikuwa akinisaidia kupitia maandishi ya zile rekodi. Alipofika kwenye sentensi ile akasimama. Akaniuliza taratibu: “Kaka, unajua mama huyu amesema nini hapa?”

Sikujua. Nilikuwa nimeketi hatua mbili kutoka kwake, na sikujua.

Lirekebishe, mtasema. Jamani, nilirekebishe vipi? Ili niwe na hakika ni lazima nirudi nikamwulize, na mmesikia nilivyosema juu ya kuuliza mara ya pili. Tena nikawaza: mama yule alikuwa mjuzi wa kusimulia. Aliyajua maneno mengine yote, hata yale ya mashirika, yaliyo wazi. Mbele yake alikaa kijana wa rika la wanawe, aliyemwamkia shikamoo. Huenda alilichagua neno lile kwa makusudi. Huenda alisema kweli na kujistiri kwa pumzi moja. Nina haki gani ya kumvua nguo aliyoivaa mwenyewe?

Nimebadilisha kila kinachoweza kumtambulisha, hata kabila nililolitaja mwanzoni. Hata hivyo nimejiuliza kwa miaka kama kulisimulia hapa nako si kumfunua. Nimeamua kulisimulia kwa sababu wiki ijayo mnaondoka, na mtakuwa na wakalimani kama mimi.

Mwaka 2018 nilirudi Nyarugusu kwa kazi nyingine, nikaenda kumsalimia. Alinitambua kabla sijafika mlangoni. Akasema, “Umerudi.” Akanipa kile kigoda chake, akakaa chini. Tulikula ugali kwa sombe, yaani kisamvu. Ukurasa ule wa tasnifu ulikuwa kwenye begi langu, nimeukunja mara nne. Akaniuliza, “Na yale maneno yetu, mulipelekaka wapi?” Nikamwambia yako kwenye kitabu, kwenye maktaba, Ulaya. Akafikiri kidogo. “Banasomaka?” Huwa wanayasoma? Nikasema ndiyo, wapo wanaoyasoma. Akaitikia kwa kichwa, akaniongezea sombe.

Ukurasa sikuutoa. Nilimwandikia mtafiti, nikamwomba sentensi ile aiondoe, bila kuirekebisha. Alikubali, kwenye makala aliyochapisha baadaye haimo. Tasnifu ilikuwa imeshakabidhiwa na haibadilishwi. Ukiifungua leo, utasoma kwamba mama yule alikamatwa usiku mmoja, akaachiwa asubuhi.